Naomba ushauri: pikapu inapunguza oili, je, nihamie oili nzito zaidi?

Mbeba Mbao:
Habari zenu wakuu. Ninaendesha pikapu ya dizeli ya lita 2.5, ambayo injini yake huchukua takriban lita 7 za oili ukibadilisha na filta. Oili ilibadilishwa wiki mbili zilizopita, ikawekwa 10W-30 kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, lakini tangu hapo kila nikichomoa kijiti cha kupimia nakuta imeshuka, na kwa makadirio yangu gari linapoteza karibu nusu lita kwa wiki. Moshi hauna rangi ya buluu, nguvu ipo kama kawaida na taa ya oili haijawahi kuwaka. Jumamosi nina safari ya kilomita 300 nikiwa na shehena ya mbao, na kusema kweli silali vizuri. Swali langu ni moja: nikihamia 20W-50, upotevu huu utapungua?

Dizeli Daima:
Mkuu, uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni somo ambalo madereva wengi hulipuuza. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza tabia ya oili injini ikiwa ya baridi, na ile inayofuata inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, yaani katika nyuzijoto 100. Ukimimina 20W-50 kwenye injini iliyoundwa kwa oili nyepesi, kila asubuhi oili itachelewa kufika kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) na kwenye beringi za tabo (turbo), na uchakavu mwingi huanzia hapo. Pikapu yangu nimeilea kwa 15W-40 kwa sababu kitabu chake kinairuhusu, na kila nikibadilisha naandika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi ninachokibandika ndani ya boneti. Huu ni mwaka wa 9 na injini haijafunguliwa. Kila mwenye gari ningemshauri aanze na karatasi hiyo.

Mama Pikapu:
Kabla ya kufika kwenye uzito, nani alibadilisha hiyo oili? Na je, umeingia chini ukatazama boliti ya kumwagia na mahali filta inapokaa?

Mbeba Mbao:
Ilibadilishwa kama kawaida, dada. Chini nimetazama, kuna unyevu kidogo tu ambao hata tone halifanyi. Ndiyo maana nadhani injini inaila yenyewe, na oili nzito ingeisaidia.

Mama Pikapu:
Kaka yangu, "ilibadilishwa" haina mtu ndani yake. Injini ambayo haikuwa ikila oili hadi siku ya kubadilishwa haianzi kuila siku inayofuata. Kilichoguswa siku ile ndicho kinachovuja.

Baba Mapacha:
Naunga mkono. Mwaka wangu wa kwanza kujifanyia kazi hii nilifungua filta ya zamani, nikaweka mpya, nikawasha gari, na ndani ya dakika moja oili ilikuwa imetapakaa sakafu nzima. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umeganda kwenye injini, nami nikaifunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Tangu siku hiyo nikitoa filta napitisha kidole kwenye duara lote la chuma, kisha napaka oili safi kwenye mpira mpya, nafunga kwa mkono hadi mpira uguse, halafu naongeza robo tatu ya mzunguko na kuachia hapo. Mkuu, tazama kama mpira wa filta yako ni mmoja.

Mbeba Mbao:
Mpira ni mmoja, nina hakika, kwa sababu niliutazama mwenyewe. Basi niseme tu: nilibadilisha mimi. Filta haina tatizo. Kwenye boliti, nilipokuwa nakaza niliona bado inatoa unyevunyevu, nikaingiza kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili niikaze vizuri zaidi. Ikakubali, ikakubali, halafu ikawa laini ghafla. Nikaitoa, nikaizungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji, nikapaka gundi ya silikoni na kuirudisha. Imeshika vizuri. Nimekaa na gari siku 14 na halijamwaga, kwa hiyo tusikuze jambo.

Mzee wa Sampu:
Mwanangu, nimefanya kazi ya magari zaidi ya miaka 30, kwa hiyo nivumilie nikieleze kwa urefu. Boliti ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwenye pikapu nyingi hukazwa kwa nguvu ya kuzungusha ya kati ya nyutonimita 30 na 45, na namba kamili imo kwenye kitabu cha gari lako. Kwa spana ya sentimita 25, nyutonimita 40 ni sawa na kuvuta kama kilo 16 hivi, jambo ambalo mkono mmoja unaliweza bila kukunja uso. Ukiongeza bomba hadi mpini ufike sentimita 80, mkono uleule ukivuta kwa nguvu ileile unazalisha zaidi ya mara tatu. Sampu yako ikiwa ya alumini, na boliti ni ya chuma, kitakachokatika ni meno ya tundu la sampu. Ule ulaini wa ghafla ulioueleza ndio sauti ya meno yakiondoka.

Kinachozuia oili isitoke pale ni washa, ile pete nyembamba iliyo chini ya kichwa cha boliti, ambayo hubonyea na kujaza nafasi. Washa hiyo hubadilishwa kila unapomwaga oili. Wewe uliona unyevu kwa sababu washa ilikuwa imechoka, ukadhani boliti haijakazwa. Utepe na silikoni havina kazi mahali pale. Vipande vyake vikimeguka kwa ndani huenda kukaa kwenye chujio linalovuta oili kwenda kwenye pampu, na injini ikanyimwa oili huku sampu imejaa.

Mkweli Siku Zote:
Haya ndiyo matokeo ya watu kutoheshimu taaluma za wenzao. Kazi ya fundi iachiwe fundi, na anayetaka kuokoa kidogo awe tayari kupoteza kikubwa.

Dizeli Daima:
Sikubaliani. Mimi nilianza kujifanyia baada ya gereji moja kunirudishia gari likiwa na oili mpya na filta ya zamani iliyopanguswa vumbi tu. Kubadilisha oili ni kazi ambayo mtu yeyote makini anaiweza: unaipasha injini moto dakika chache ili oili itiririke, unaweka gari mahali tambarare, unalikalisha kwenye stendi na siyo jeki peke yake, na unapima ulichomwaga na ulichoweka. Kosa la ndugu huyu ni lile bomba, na kubwa zaidi ni kunyamaza.

Mbeba Mbao:
Nashukuru kwa maneno yenu, ila mnielewe. Safari ya Jumamosi siwezi kuiahirisha. Nimeshanunua lita 4 za 20W-50 na mpango wangu ni kusimama kila baada ya kilomita 100, kupima na kuongeza. Kuhusu kwenda gereji, kuna ugumu ambao sikutaka kuusema. Gari ni la shemeji yangu. Alinipa fedha za kulipeleka kwa fundi wake, nami nikanunua oili na filta nzuri kabisa, nikafanya kazi mwenyewe, na iliyobaki nikaitumia nyumbani. Nikienda kwa fundi huyo leo, shemeji atajua kabla sijatoka getini.

Msomaji Makini:
Samahani, lakini mimi naona kisa hiki kimetungwa. Kwanza tuliambiwa oili "ilibadilishwa", kisha aliyebadilisha ni yeye, sasa gari si lake. Tuliambiwa hakuna hata tone, lakini nusu lita inapotea kila wiki. Meno ya sampu yamekwisha, lakini boliti imekaa siku 14 na taa haijawaka. Kila tukiuliza, hadithi inaongezeka chumvi. Naomba tusipoteze muda na mtu anayetaka tu kuona mafundi wakibishana.

Mbeba Mbao:
Sikutunga, na maneno haya yameniuma. Nilipoitoa boliti siku ile, kwenye meno yake ulikuwa umejisokota uzi wa alumini, mwembamba na unaong'aa kama springi ya kalamu, mizunguko mitatu kamili. Niliuvuta ukatoka mzima, na mpaka sasa uko kwenye kifuniko cha chupa ya oili juu ya kabati. Leo nimeingia chini ya gari hadi nyuma, mahali ambapo sikuwa nimefika. Tairi la akiba linaloning'inia chini ya bodi limeloa upande wote wa mbele, na vumbi limeganda juu yake likawa tope jeusi. Ekseli ya nyuma ni vilevile. Nimepima asubuhi gari likiwa limepoa: kijiti kiko chini kabisa ya alama ya chini.

Mzee wa Sampu:
Msomaji, huo uzi wa alumini mtu hawezi kuutunga kama hajauona. Na mambo uliyoyataja yanapatana. Gari likiwa limesimama, oili ya baridi ni nzito na haipiti kwa urahisi kwenye utepe. Likitembea, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, inapita, na upepo wa chini ya gari unaisukuma nyuma kabla haijafanya tone. Ndiyo maana sakafu ni kavu na tairi la akiba limeloa. Ama ile taa, haipimi kiasi cha oili bali shinikizo. Pampu ikiwa bado inavuta oili, taa inabaki imezima hata sampu ikiwa imepungua kwa lita 2. Siku itakapowaka ukiwa na mbao mlimani, beringi za kranki (mhimili mkuu wa injini) zitakuwa zimeshaanza kusagika.

Kwa hiyo usiliwashe. Sampu ishushwe, isafishwe, chujio litazamwe kama lina mabaki ya silikoni, kisha tundu litobolewe kidogo na kuwekwa koili ya chuma yenye meno mapya ya saizi ileile. Zipo boliti nene zinazojikatia meno zenyewe, lakini kwenye alumini iliyokwisha kuumia mimi siziamini. Na 10W-30 ibaki kuwa 10W-30.

Mama Pikapu:
Na shemeji ajue leo. Injini ni yake, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua kama gari litoke Jumamosi.

Msomaji Makini:
Nimekubali maelezo ya Mzee, na kwako Mbeba Mbao naomba radhi. Ukishusha sampu, kata na filta, uikunjue karatasi yake mahali penye mwanga, uone kama ina chembe za chuma.

Mbeba Mbao:
Narudi na taarifa. Mbao zimepanda lori la mtu mwingine. Sampu imeshushwa na fundi wa shemeji, koili imewekwa, washa ni mpya, na boliti imekazwa mbele yangu kwa spana inayopima nguvu. Kwenye chujio tulitoa kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Karatasi ya filta tuliikunjua juani, haikuwa na chembe zinazong'aa. Kadibodi niliyoiweka chini ya injini tangu jana jioni ni kavu, na baada ya kulizungusha gari kilomita 20 tairi la akiba nililolisafisha ni kavu pia.

Shemeji nilimpigia kabla ya yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama nimewahi kuliendesha likiwa chini ya alama ya chini. Nilimwambia ndiyo, na kwamba sijui ni kwa siku ngapi. Fedha yake nitamrudishia mwisho wa mwezi, ameshakubali. Funguo bado ziko kwake.

Mzee wa Sampu:
Vizuri. Hiyo oili mpya imwagwe mapema, baada ya kilomita 1,000, na filta yake ikatwe pia.