Plazma inapepesa, na shaba ya Nyamwamba inasoma nusu

Maji_Kasese
Ndugu zangu, habari za kazi. Tunapima shaba kwenye maji ya Mto Nyamwamba, chini ya mabaki ya mgodi wa Kilembe. Kifaa tumekiunda wenyewe: plazma (gesi inayong'aa kwa umeme) inawaka hewani kati ya ncha ya tangsteni na maji yanayotoka juu ya kapilari (mrija mwembamba) ya kioo, pengo milimita 3, mA 70, karibu volti 1000. Tunasoma mwanga wa shaba kwenye nanomita 324.8. Mwanga unapepesa, na sampuli tukiiongezea shaba mg 1 kwa lita, inarudi kama 0.5 tu. Shida iko wapi?

Kapilari
Hiyo nusu naituhumu asidi. Plazma ya aina hii inataka pH 1. Ukipita 2 mwanga wa metali unaporomoka. Bikaboneti ya mto inakula asidi yako kimyakimya, wakati standadi (maji yenye kiasi cha shaba kinachojulikana) mmezitengeneza kwa maji safi. Chuja kwa mikroni 0.45, kisha tia mL 7 za asidi ya naitriki ya 65% kwa lita, utapata kama M 0.1 (mole 0.1 kwa lita). Pima pH ya sampuli baada ya kutia, si kabla.

Kupepesa ni pampu. Rola zake zinasukuma maji kwa mapigo: tazama tone pale juu ya kapilari, linapanda na kushuka. Weka kiungo cha T chenye kipande cha mrija kilichozibwa, hewa iliyomo itameza mapigo. Mtiririko mL 2 hadi 3 kwa dakika. Na yale maji yanayofurika lazima yateremke mfululizo hadi kwenye elektrodi ya grafaiti, maana maji hayo ndiyo waya wenu. Yakidondoka tone tone, plazma inazimika.

Fundi_Spektra
Naongezea, ssebo. Rezista ya kilo-ohm 1 iliyo mfululizo na plazma, kwa mA 70, inatoa joto la wati 5, kwa hiyo funga ya wati 20. Pawa saplai iendeshwe kwa mkondo thabiti, si volti thabiti.

Lenzi ni ya kwazi (quartz)? Kioo cha kawaida kinapunguza mwanga huo. Angalia pia mstari mwingine wa shaba, 327.4: ikiwa si karibu nusu ya 324.8, unasoma mkia wa mwanga wa OH itokayo kwenye maji, si shaba. Kama spektrometa inatenganisha, toa usuli (mwanga usio wa shaba) unaosomwa kwenye 326.

Maji_Kasese
Standadi zina asidi, sampuli hazikupimwa pH. Lenzi ni ya kioo.

Kapilari
Basi anza na pH. Shaba ikibaki kusoma chini, kalsiamu inaingilia: ongeza standadi ndani ya sampuli yenyewe, mg 0, 1, 2 na 4 kwa lita. Kabla ya kugusa kapilari, zima umeme, kisha subiri kapasita za pawa saplai zimwage chaji.