DISKI YANGU IMEPAKULIWA KACHUMBARI MBELE ZA WATU!! Huyu mtu adhibitiwe

Mrusha Sahani (mleta uzi)

Wakuu, leo sisalimii, mtanisamehe. Nimetoka bustanini sasa hivi, jaketi sijavua, mikono inanuka kitunguu.

Mnamjua. Jina sitaji. Mtu yeyote anayeongea Kiswahili hapa Minnesota na amewahi kurusha diski hata moja anamjua. Yule mwenye kofia ya manjano. Yule ambaye kila kitu anafundisha "kwa wanaoanza". Leo gofu ya diski (ule mchezo wa kurusha diski iingie kwenye kikapu cha minyororo), juzi alikuwa anafundisha kufuga nyuki kwenye ghorofa ya tatu, kesho atawafundisha wajawazito kuzaa.

Mwezi uliopita akatoa darasa la kupaka rangi diski nyumbani. Mimi nina diski yangu, ya kwanza kununua kwa jasho langu, dola 20 ukitoa senti, gramu 175, plastiki ile ya bei, nyeupe pee kama yai la kienyeji lililooshwa. Nikasema nitaichora twiga. Nikakata stika kwa wembe saa tatu nzima. Shingo peke yake saa moja! Nembo ya dhahabu nikaifuta kwa asetoni ya kucha ya mke wangu (hajui, naomba iishie humu humu). Nikapasha maji, nikatia rangi, nikatumbukiza.

Kilichotoka, wakuu, si diski. Ni chapati iliyosukumwa na mtu mwenye kwikwi. Ukiiweka mezani inayumba kama stuli ya mama ntilie. Rangi ni ya maji ya bamia. Twiga kapinda shingo kama anachungulia kwa jirani.

Sasa mimi kama muungwana, leo Jumamosi nikaibeba hadi bustanini nimuulize mwalimu kistaarabu nimekosea wapi. Watu kibao, nyama choma inafuka, watoto wanakimbizana, kuna na mzee mmoja mgeni kutoka Moshi amekuja kumtembelea mwanawe. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaigonga kwa kidole. Akaiinua watu waione. Kisha akaiweka mezani, akavuta bakuli, AKAPAKUA KACHUMBARI.

Juu ya diski yangu. Juu ya twiga.

Akasema, "Karibuni jamani, sahani zilikuwa zimeisha."

Vijiko vitatu. Nilihesabu. Cha tatu alikikung'uta kwenye ukingo, ko ko ko, kama anamalizia sahani ya mteja. Yule mzee wa Moshi akajichotea, akasema asante mwanangu, na Mungu akubariki kwa sahani nzuri. ALIBARIKIWA YEYE. Kwa sahani YANGU.

Nimeirudisha nyumbani. Kuna kipande cha kitunguu kimenasa kwenye ukingo wa ndani, kinanitazama ninavyoandika hapa. Ko ko ko. Bado naisikia.

Huyu ni mwalimu au mpishi? Tumfunge kwenye kile kikapu chake cha minyororo tumrushie sisi.

---

Kijogoo wa Saint Paul

Nimepaliwa na chai. Kwa hiyo twiga kapata na mboga za majani?

---

Binti Makorora

Nilikuwepo. Vijiko vilikuwa vinne.

---

Mrusha Sahani

Vitatu!

---

Binti Makorora

Vinne kaka yangu. Nilikaa karibu na bakuli.

---

Msee wa Kayole

Buda, hiyo ni diski ama ni chapo? Weka picha tuamue.

---

Fundi Matone

Mkuu pole. Hebu tuache kachumbari kidogo. Maji ulipasha nyuzi ngapi?

---

Mrusha Sahani

Alivyosema yeye! 150. Nikachukua kipimajoto cha nyama, nikasubiri. Kikapanda vizuri hadi 100, kikagoma. Dakika 40 nimesimama jikoni, maji yanatokota, yanapungua, naongeza, yanatokota tena, hayavuki 100. Nikajua kipimajoto ni kibovu, nikatumbukiza hivyo hivyo.

Halafu mtu anakuja kunipakulia KACHUMBARI.

---

Kijogoo wa Saint Paul

Ngoja. Ngoja kwanza. Ulikuwa unasubiri MAJI yafike 150?

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, maji yanachemkia nyuzi 100. Hata uwashe kuni za msitu mzima. Hilo ni la shule ya msingi, na sisemi ulisoma wapi.

---

Fundi Matone

150 ni ya Fahrenheit, mkuu, kipimo cha Wamarekani. Kwa kipimajoto chako ni kama 65 tu, maji ya kuogea mtu mwenye hasira. Wewe hukupaka rangi, umepika. Plastiki ile ikipita hapo inalegea, na ikipoa inabaki ilivyolala.

Na rangi ulitumia ipi?

---

Mrusha Sahani

Ya nguo. Alisema rangi ya nguo!

---

Fundi Matone

Nguo gani? Rangi ya pamba haiingii kwenye plastiki, inakaa juu kama mgeni asiyekaribishwa, ndiyo hayo maji ya bamia. Inatakiwa ya poliesta. Wengi hapa wanatumia iDye Poly au Rit DyeMore. Hiyo inapenya ndani ya plastiki yenyewe, haibanduki hata ukiirusha kwenye mti mwaka mzima.

Na wanaoanza wasikie: plastiki yako ilikuwa sahihi, hapo sikulaumu. Hizi diski za bei ya chini, zenye uso mkavu, ni ndugu wa beseni na ndoo. Hazinywi rangi. Utailoweka wiki, itatoka nyeupe ikikucheka.

Mimi anayeanza simshauri maji ya moto kabisa. Aanze na povu la kunyolea. Lile la kutoka jeupe, si la jeli. Jaza kwenye sinia la kuokea keki, lisawazishe kwa mwiko mpaka liwe laini kama chokaa ya ukutani, dondoshea rangi ileile ya poliesta, iliyo majimaji, matone matone, buruta kijiti cha meno upate michirizi, kisha lalisha diski kifudifudi. Ibonyeze kidogo katikati hewa isibaki chini, vinginevyo utapata duara jeupe kama jicho. Iache saa 24. Usifunue kuchungulia! Kesho yake osha kwa maji baridi na sabuni ya vyombo. Hakuna jiko, hakuna kipimajoto cha nyama.

---

Kijogoo wa Saint Paul

Povu? Mbona mleta uzi analo la kutosha humu ndani, angetupakia diski za jimbo zima.

---

Msee wa Kayole

😂😂😂 Uzi ufungwe hapo.

---

Mrusha Sahani

Chekeni. Mimi nauliza swali moja. Hata kama ningeitia kwenye tanuri la matofali, hiyo inampa mtu ruhusa ya kupakulia KACHUMBARI? Ko ko ko?

---

Mzee wa Minyororo

Mwanangu, Ed Headrick, aliyebuni kikapu cha minyororo unachorushia na kuanzisha PDGA, chama cha wachezaji wa gofu ya diski, mwaka 1976, alipofariki 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki, zikafyatuliwa diski. Mtu mzima, yumo ndani ya diski. Wewe umewekewa nyanya na vitunguu unataka tuandamane.

---

Mama Wawili

Samahani mimi nauliza la jikoni. Sufuria ulitumia ipi?

---

Mrusha Sahani

Ya ugali. Ndiyo iliyoingia diski, zile zingine ndogo.

---

Mama Wawili

Na hujairudisha kwenye chakula, si ndiyo?

---

Mama Wawili

Mleta uzi?

---

Mrusha Sahani

Jana tulikula ugali. Ulikuwa na ukijani kwa mbali. Nikamwambia mke wangu ni unga mpya, wa lishe.

---

Kijogoo wa Saint Paul

WA LISHE 😂😂😂 Nakufa.

---

Mama Wawili

Hakuna cha kucheka hapa. Rangi hizi sufuria yake ni yake. Ukishatia rangi, hiyo sufuria ni ya rangi hadi siku ya kiyama. Mwiko pia. Bibi yangu Pemba alikuwa na sufuria yake ya kuchemshia ukindu wa mikeka, nyeusi, haina mfuniko, ilikaa nje nyuma ya choo, na hakuna mtoto aliyethubutu hata kuchotea maji. Na asetoni uliyotumia, umeifungulia jikoni jiko likiwaka? Ile inashika moto kabla hujasema bismillahi. Fanyia nje, au gereji mlango wazi, na glavu.

---

Mwalimu Mstaafu

Na yule mzee wa Moshi amekula kachumbari iliyopakuliwa juu ya hiyo rangi?

---

Mrusha Sahani

SI MIMI NILIYEPAKUA!

---

Binti Makorora

Mzee mzima kabisa, nimemwona jioni anacheza bao. Aliuliza ile sahani yenye picha ya twiga inauzwa wapi, anataka sita.

---

Wakili wa Mitandaoni

Naomba kuuliza kitaalamu. Kanuni za PDGA zinakubali diski kupakwa rangi, ila kitu ulichoongeza kisiwe na unene unaogusika. Je, kitunguu kilichonasa kina unene unaogusika?

---

Fundi Matone

Kama hakijakauka, kinao.

---

Nyota ya Duluth

Nyie mnalia diski imepinda. Angalau mnayo. Mimi mwaka huu nimezamisha nne. Jimbo linajiita la maziwa 10,000 na kila ziwa nimeliwekea akiba. Hilo nimekubali. Lakini nyuma ya kila diski nimeandika namba yangu ya simu kwa wino usiofutika, na kuna mtu anaingia majini alfajiri, anazikusanya, anafuta namba za watu, anaziuza dola 5 moja. Mnamjua. Ana mabuti ya mpira hadi kiunoni.

---

Msee wa Kayole

HUYO WA MABUTI! Aliniuzia diski yangu mwenyewe. Namba ilikuwa imebaki tarakimu tatu za mwisho. Nikamwonyesha, akaniambia wengi wana namba zinazoishia hivyo.

---

Kijogoo wa Saint Paul

Kwangu alitaka 7. Akasema imeongezeka thamani kwa kukaa majini.

---

Nyota ya Duluth

Saba?! Huyu ndiye wa kufungiwa bustani, si wa kachumbari. Wa kachumbari anatoa chakula bure.

---

Mrusha Sahani

Jamani turudi kwenye mada. Nilimkabidhi kwa MIKONO MIWILI.

---

Mama Wawili

Kwa kuwa tunaongelea rangi, na mimi nina langu. Wiki mbili zilizopita harusi ya mdogo wangu hapa Minneapolis, akaja mpakaji, mnamjua, yule anayejiita wa pwani na pwani kaiona kwenye kalenda. Tumemwambia hina. Akapaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Asubuhi ya harusi maua yote yameumuka malengelenge. Bibi harusi amevishwa pete mkono unafanana na jani la mpapai lenye ugonjwa.

---

Binti Makorora

Astaghfirullah. Na akadai pesa yake?

---

Mama Wawili

Yote! Akasema ngozi ndiyo yenye tatizo.

---

Mwalimu Mstaafu

Sawa na kipimajoto kibovu.

---

Mrusha Sahani

Nimeliona hilo, Mwalimu. Nimeliona.

---

Fundi Matone

Mleta uzi, kama unataka kuiokoa: maji ya moto ya bomba tu, loweka dakika chache ilegee, ilalishe kwenye meza tambarare, weka kitabu kizito juu hadi ipoe. Haitarudi kama mwanzo, ila itaacha kuyumba. Twiga hapo simuahidi.

---

Kijogoo wa Saint Paul

Atumie sufuria ileile ya lishe kama uzito.

---

Nyota ya Duluth

Tunafungua uzi wa mabuti au tuendelee humu?

---

Msee wa Kayole

Humu humu. Lakini swali la mwisho la kachumbari. Ilikuwa na avokado?

---

Binti Makorora

Avokado kwenye kachumbari? Nani kakulea wewe?

---

Msee wa Kayole

Mama yangu, na alinilea poa. Kachumbari bila avokado ni nyanya zimekatwa tu.

---

Mama Wawili

Mkenya usituharibie uzi. Nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, ndimu. Basi.

---

Wakili wa Mitandaoni

Tango je?

---

Mama Wawili

Tango ni suala la dhamiri ya mtu.

---

Mrusha Sahani

Haikuwa na parachichi. Tango kidogo. Pilipili ya kutosha, na niseme tu ukweli, ndimu ilikuwa imekolea vizuri.

---

Binti Makorora

Kijiko cha nne hicho!!!

---

Nyota ya Duluth

Samahani kuwakatiza. Mwenye mabuti ameonekana tena bwawani, sasa hivi. Ana ndoo mbili. Nani yuko karibu?