Naombeni ushauri: kikosi cha nyuma ya jukwaa kinachoka kabla ya tamasha kuanza

Habari zenu wakuu. Naratibu watu wa kujitolea kwenye tamasha la muziki la jamii yetu, lile la msimu wa joto. Wasanii wana wa kuwashangilia, hawa wangu hawaonekani, na ndio wananiumiza kichwa.

Mwaka jana kijana wetu wa nyaya alianza kazi alfajiri: kushusha spika, kutandaza nyaya, kuzifunika kwa mipira watu wasijikwae. Saa nane mchana nikamkuta kaketi nyuma ya jenereta, mikono inatetemeka, chupa ya maji pembeni haijafunguliwa. Akaniambia hakutaka kuondoka kabla sauti haijajaribiwa. Ile chupa hainitoki akilini hadi leo.

Safari hii nimepanga zamu za saa nne nne na turubai la kivuli. Tatizo ni kwamba fundi mitambo ni mmoja, na mpangilio wa nyaya anao kichwani mwake tu. Nani atampokea akapumzike?

Halafu masikio. Kiwango salama cha kelele kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu, yaani kwenye 100 ni dakika 15 tu. Vizibo vya masikio nimewanunulia, lakini wanavitoa wakisema hawasikii maelekezo ya redio za mkononi.

Mliowahi kusimamia kazi hii, mlifanyaje? Nawapenda hawa watu, sitaki yeyote aumie.