Nyumbani Mpwapwa au safarini: moyo wangu hautulii

Muulizaji:
Ndugu zangu, nilizaliwa Mpwapwa, mkoani Dodoma, nikaondoka nikiwa na miaka 19, na tangu hapo kazi za ujenzi zimenifikisha Tanga, Mwanza na Mtwara. Kila mvua ya kwanza inapogusa vumbi, popote nilipo, hukumbuka tembe la bibi yangu, paa lake la udongo na mlenda tuliokula kwa ugali wa uwele. Lakini nikifika nyumbani, baada ya wiki moja tu moyo huanza kutazama barabara. Je, mtu wa namna hii ana kwao?

Jibu la kwanza:
Unako, ndugu yangu. Wazee wetu Wagogo walihamisha ng'ombe wakati wa ukame, wakafuata malisho na maji, na hakuna aliyewahesabu kuwa wamepotea. Bibi bado yupo?

Jibu la pili:
Mimi nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na wizara, Serikali ilipokuwa ikitekeleza uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huku. Niliulilia sana mwambao. Sasa nikiwa Dar es Salaam, ninatamani zabibu za Dodoma na ubaridi wa jioni za Julai, nami sijui ni lini hasa nilibadilika.

Muulizaji:
Bibi alifariki, na tembe limebomoka. Mbuyu pekee umebaki. Nitakwenda Desemba, mvua zikianza, nipande uwele pale alipokuwa akilima.