Naomba ushauri: kisigino kinanisumbua na mbio za usajili zimebaki wiki tatu

Mkimbiaji_Kayole
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Kayole, na kwa miezi minne nimekuwa nikikimbia kila alfajiri kabla matatu hazijajaa barabarani, nikijiandaa kwa usajili wa makurutu ambao, kwa umri wangu, huenda ukawa wa mwisho kwangu. Nina maumivu nyuma ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino. Si makali, kwa kuwa natembea hadi steji na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ninakokaa. Ninachoomba ni mazoezi ya kuimarisha shavu la mguu, kwa sababu nikijaribu kukimbia sasa mguu huo hausukumi. Tafadhali msiniambie nipumzike, maana muda huo sina.

Fundi_Viatu_Gikomba
Kaka, nimeshona viatu kwa miaka kumi na tisa, na wakimbiaji wengi wanaoniletea malalamiko ya kisigino huwa wamevaa viatu vya mitumba vilivyokwisha kujikunja kufuata mguu wa mtu mwingine. Kata kipande cha mpira mgumu kisichozidi unene wa sentimita moja, ukiweke chini ya kisigino katika viatu vyote viwili, usiweke kimoja tu ukaja kuumwa nyonga. Kisigino kikiinuka, kano ya nyuma haivutwi sana.

Mama_Wawili_Umoja
Mwanangu, nimekusoma nikamkumbuka kifungua mimba wangu. Yeye alirudishwa nyumbani katika usajili mmoja kwa sababu ya nyayo bapa, baada ya kuambiwa avue viatu na kusimama mbele ya watu. Baadaye muuguzi mmoja alituketisha akatueleza kwamba wayo mmoja una mifupa 26 iliyopangwa kama tao, na kwamba tao la upande wa ndani likilala chini si lazima mtu awe mgonjwa. Kijana wangu alilia wiki nzima. Nakuomba usiifanye ajira hiyo kuwa mlango pekee wa maisha yako, kwa sababu mama yako alikuzaa ukiwa na miguu miwili kabla hujawa na kazi yoyote.

Mwalimu_Chiromo
Mkimbiaji, nimefundisha anatomia kwa vitendo kwa miaka kadhaa, na neno lako "hausukumi" limenishtua kuliko neno "maumivu". Kabla hujafanya zoezi lolote naomba unijibu: je, tatizo lilianza polepole au kwa ghafla? Ulisikia mlio? Na ukisimama kwa mguu wa kushoto pekee, unaweza kuinua kisigino ukabaki juu ya vidole?

Mkimbiaji_Kayole
Sikuona haja ya kulitaja, Mwalimu, lakini lilianza ghafla siku kumi na moja zilizopita, nilipokuwa nikipanda mwinuko kwa kasi. Nilisikia "paa", nikageuka kwa hasira nikidhani kuna aliyenirushia jiwe, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Kusimama juu ya vidole vya mguu huo sijaweza tangu siku hiyo. Hata hivyo, nikiwa nimekaa naushusha wayo na kuupandisha, kwa hiyo naamini hakuna kilichokatika.

Winga_Mstaafu_Kariobangi
Nasema waziwazi kwamba hadithi hii naiona imetungwa. Mimi kano yangu ya kisigino ilikatika uwanjani mwaka 2011 nikabebwa na wachezaji wanne, na usiku ule hata kwenda msalani nilishikiliwa. Huyu anasikia mlio, kisha anapanda ghorofa tatu na kuja kuomba mazoezi! Aidha ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya mtihani, au anatupotezea muda.

Mama_Wawili_Umoja
Winga, hata mimi nimeanza kujiuliza. Nimemwombea mtu nisiyejua kama yupo?

Mwalimu_Chiromo
Shaka hiyo naielewa, ila ndiyo inayowafanya watu wengi wenye jeraha hili warudishwe nyumbani wakiambiwa wameteguka tu. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa, ule wa juu wenye vichwa viwili na soleasi iliyolala chini yake, ambayo huungana kuwa kano moja, nene kuliko kano nyingine yoyote mwilini, inayoshika mfupa wa kisigino. Lakini kano hiyo haiushushi wayo peke yake. Nyuma ya fundo la ndani hupita kano ya msuli ulio nyuma kabisa ya muundi, pamoja na zile zinazokunja vidole, na nyuma ya fundo la nje hupita nyingine mbili. Hizo zikiwa nzima, mtu aliyekaa ataushusha wayo wake, na akisimama atatembea kwa kuchechemea. Zisichoweza ni kuubeba mwili mzima juu ya vidole vya mguu mmoja. Ngazi nazo, ukizikanyaga kwa wayo wote, hupandwa zaidi kwa misuli minne ya mbele ya paja, ile inayonyoosha goti. Kwa hiyo Winga alibebwa kweli, na huyu anaweza kuwa alipanda ghorofa tatu kweli.

Mkimbiaji, lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha mtu akubinye shavu la mguu mmoja na baadaye la mwingine. Mguu ulio mzima utaushusha wayo wenyewe. Apapase pia sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, mahali ambapo damu huifikia kano kwa uchache, aone kama kidole kinazama kwenye pengo. Nawe uniambie jambo moja: kano hiyo ilikuwa ikiuma kabla ya siku ile, na kama ilikuwa ikiuma, uliitibu kwa dawa gani?

Mkimbiaji_Kayole
Ndugu yangu amenibinya sasa hivi. Wayo wa kulia umeshuka. Wa kushoto haukusogea hata mara moja, na anasema kidole chake kimezama.

Nilikuwa nikiumwa, ndiyo. Nilidungwa sindano mbili za steroidi papo hapo penye maumivu, zikiachana kwa wiki mbili, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa. Sikusema mapema kwa sababu nilijua mtanilaumu, na kwa sababu sindano zile zilinisaidia kweli: siku tatu baada ya ile ya pili nilikimbia kama sijawahi kuumwa. Nimekwisha kulipa nusu ya pesa za sindano ya tatu, ya Jumamosi hii. Msiokuwa na mzazi anayengojea mshahara wenu mtaniona mjinga, lakini nilihesabu kwamba ikinivusha siku ya mbio tu, mengine nitayatibu nikiwa kazini.

Winga_Mstaafu_Kariobangi
Nalifuta neno langu, na naomba radhi. Mtu anayetunga hadithi haoni aibu kuhusu sindano.

Fundi_Viatu_Gikomba
Nami naufuta ushauri wangu wa mpira. Nilidhani kano imechoka. Sikujua kwamba imekatika.

Mwalimu_Chiromo
Sikulaumu. Steroidi hutuliza uvimbe na maumivu huku ikidhoofisha nyuzi za kano yenyewe, ndiyo maana kudungwa ndani ya kano hii huogopwa na wataalamu. Ulikimbia vizuri kwa sababu kengele ilikuwa imezimwa. Sindano ya tatu haitakuvusha, kwa kuwa dawa ya maumivu haiunganishi ncha mbili zilizoachana, na hakuna zoezi la kuimarisha msuli usioshika mfupa.

Siku kumi na moja bado ni mapema. Kipimo cha altrasaundi kitaonyesha pengo, na daktari wa mifupa ataamua kati ya upasuaji na kufunga mguu vidole vikielekezwa chini ili ncha zikutane. Baada ya wiki nne au zaidi ncha hujivuta, kovu hujaza pengo, na ukarabati huwa mgumu zaidi. Kurudi kwenye mbio kutahitaji miezi, pengine mwaka. Najua maana ya sentensi hiyo kwako. Mweleze daktari kuhusu sindano zote mbili, usimfiche kama ulivyotuficha sisi. Na kama shavu la mguu litavimba na kupata joto, au pumzi ikakubana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana mguu uliotulia huweza kugandisha damu.

Mama_Wawili_Umoja
Mwanangu, pesa za Jumamosi zidai. Wakikataa kuzirudisha, ziache.

Mkimbiaji_Kayole
Asanteni. Usajili siwezi kuuzungumzia leo. Ndugu yangu atanipeleka Hospitali ya Kenyatta kesho asubuhi. Kutoka Kayole ni matatu mbili na kutembea mjini katikati. Je, nikanyage mguu huo au niazime magongo?

Mwalimu_Chiromo
Azima magongo usiku huu, usiukanyage, na ukiketi acha vidole vielekee chini. Usiuvute juu kujaribu kama umepona.

Fundi_Viatu_Gikomba
Magongo ninayo, na mipira ya chini nitaibadilisha sasa hivi. Niandikie faraghani unakoishi, nitakuletea kabla ya saa tatu usiku.