Kasha la bibi na sofa la kijivu: sebule inagombana, nifanyeje?

MjukuuWaPangani:
Wakuu, naombeni ushauri. Tumegawana vitu vya bibi mzaa mama huko Pangani. Wajomba wakachukua minazi, mimi nikaangukiwa na kasha. Kasha lenyewe la njumu: misumari ya shaba mbele nzima, droo tatu chini, pete za kubebea ubavuni. Vijana wanne walilipandisha mpaka ghorofa ya tatu hapa Tabata, kila ngazi wanauliza ndani kuna nini. Halina kitu!

Sasa sebule yangu ni sofa la kona la kijivu, meza ya kioo, stendi ya TV nyeupe, vigae vyeupe, na jipsamu yenye taa za bluu (mume wangu ndiye alizitaka). Kasha likikaa humo ni kama mgeni aliyekosea mlango. Mume kaleta fundi, anataka kulipiga msasa na vanishi ya kung'aa, laki moja na ishirini. Halafu TV ikae juu, stendi tuuze. Mimi nasita. Nikifunua mfuniko bado nasikia harufu ya udi na kanga za bibi.

FundiMbao:
Dada, huyo fundi mpe nauli arudi zake. Ule weusi si uchafu, ni miaka ya mikono ya watu. Makasha mengi ya aina hiyo yalikuja na majahazi kutoka India, mbao ya msaji, yaani mtiki. Ukishaisugua, rangi ile hairudi, na vichwa vya misumari vinalika.

Kwanza tandika karatasi nyeupe chini yake wiki nzima. Ukikuta unga mpya, kuna wadudu ndani, pigisha dawa kabla ya jambo lolote. Usipokuta, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, liache likauke, kisha nta kidogo. Najua utaambiwa usugue shaba kwa ndimu. Usithubutu, maji yake yakiingia kwenye mbao yanaacha madoa. Na lisipigwe na AC moja kwa moja, litapasuka.

BintiMkunazini:
Mie nilikosea kinyume chako, bibie. Nilirithi samadari (kitanda cha kizamani), kasha, kiti cha enzi (kile kikubwa cha mbao cha kizamani) na saa ya ukutani, vyote nikavirundika ukumbini. Mgeni wa kwanza kuingia akauliza bei! Nikavitoa, nikabakisha kile kiti tu, pembeni ya kochi jipya jeupe. Hapo ndipo watu wakaanza kukiona, mpaka ule uzi uliosukwa mgongoni.

Kwako kasha halina kosa. Meza ya kioo ndiyo imezidi, na hizo taa za bluu, Mungu anisamehe. Lipe kasha ukuta wake mtupu, usilipandishie maua ya plastiki. TV juu yake hapana. Mfuniko utaufunua vipi?

MzeeWaMnada:
Mkishindwana na shemeji njoo PM. Pikapu ninayo.

MjukuuWaPangani:
Mrejesho, wakuu. @MzeeWaMnada pole, haliuzwi.

Karatasi imekaa wiki, hakuna unga. Meza ya kioo kaichukua wifi. Kasha liko ukuta wa kushoto ukiingia, mbali na AC, juu yake taa moja ya mezani yenye mwanga wa njano, basi. Ndani nimeweka mashuka ya wageni. Sofa lile lile la kijivu, lakini shaba imelipa uhai, sikutegemea.

Mume alinuna siku mbili. Juzi nikamkuta kapiga magoti, kachomoa droo ya kati, anapapasa nyuma yake kama kuna siri. Mkono uliingia mpaka kiwiko! Katoa pini ya nywele na senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Sasa kila anayekuja anaonyeshwa, tena yeye ndiye anayesimulia.

Fundi tulimpa nauli. Taa za bluu mwenyewe kagoma kuziondoa, kwa hiyo nazizima.