Nina mimba ya wiki 28 na bado naendesha baiskeli. Kweli mtoto atakuwa mdogo?

Zuhra_Makorora:
Habari za jioni wapendwa. Hii ni mimba yangu ya kwanza. Nashona nguo Ngamiani, Barabara ya 12, na naenda kwa baiskeli. Wa Tanga mnajua, hapa baiskeli ndiyo miguu yetu. Jumapili natembea ufukweni Raskazone mpaka jasho linitoke.

Mama mkwe kanikataza. Anasema anayehangaika na mimba huzaa katoto kembamba. Bibi yangu wa Pangani naye kila akipiga simu: twanga, deki, chota maji, mtoto asinenepe tumboni ukateseka kwenye uchungu. Wote wawili wanamtakia mema mtoto huyu, mimi ndiyo nimebaki katikati. Mwenye kujua anisaidie.

Mkunga_Mstaafu:
Mwanangu, hongera. Kila mmoja kashika kipande cha ukweli.

Mazoezi ya wastani hayamdumazi mtoto. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wajawazito wenye afya zinaonyesha kuwa wanaotembea na kufanya mazoezi wana nafasi ndogo zaidi ya kuzaa mtoto mkubwa kupita kiasi, na watoto wa chini ya kilo 2.5 hawaongezeki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mjamzito asiye na tatizo afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kipimo chake rahisi: uweze kuongea huku unatembea, ila kuimba kukushinde.

Kazi nzito ni jambo lingine. Kuinua ndoo zilizojaa mara kwa mara, kusimama kutwa nzima, kulala na njaa, hayo ndiyo yanahusishwa na watoto wadogo. Kwa hiyo bibi mwambie kutembea sawa, ndoo hapana.

MamaWatatu:
Shoga, wa pili wangu alizaliwa na kilo 2.2. Nilijilaumu miaka, nikidhani ni kwa sababu nilikuwa natembea kwenda sokoni kila siku. Kumbe nilipata malaria mara mbili na SP za kliniki, zile dawa za kumkinga mjamzito na malaria, nilikuwa nazikimbia kwa sababu ya kichefuchefu. Baadaye nesi akanieleza kwamba vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, chakula cha mtoto kinapungua. Wa tatu nilimeza SP zote, nikalala kwenye chandarua, sokoni nikaendelea kwenda kwa miguu. Kilo 3.4. Tafadhali usiruke hizo dawa.

Kaka_wa_Mabawa:
Kuhusu baiskeli, mimi nakubaliana na mama mkwe. Tumbo likikua mizani inabadilika, na bodaboda za hapa hazikuoni. Ukianguka ni hatari kwako na kwa mtoto. Iweke ndani mpaka ujifungue.

Mkunga_Mstaafu:
Kaka kasema kweli. Zuhra, pia usifanye mazoezi ya kulala chali. Ukiona damu, maji yakimwagika, kizunguzungu, kifua kikibana au mtoto akipunguza kucheza, acha yote uende hospitali saa hiyo hiyo. Kliniki wakupime kimo cha tumbo kwa futi kamba. Kwa umri wa mimba yako, sentimita zikaribie 28.

Zuhra_Makorora:
Shikamoo mama, na asanteni wote. Leo nimekwenda: sentimita 27, mapigo ya mtoto mazuri. Wingi wa damu 10.2, nimeambiwa uko chini kidogo, nimeongezewa vidonge vya madini ya chuma. Baiskeli nimemwachia mdogo wangu. Nimemsomea mama mkwe majibu yenu, kanyamaza kidogo, kisha akasema asubuhi atanisindikiza kwa miguu hadi kazini.

Mama, vidonge naweza kunywa na chai?

Mkunga_Mstaafu:
Marahaba. Usinywe na chai wala kahawa, zinazuia madini kuingia mwilini. Meza kwa maji na chungwa la Muheza, chai isubiri saa moja au mbili.